Tofali Moja Kila Nyumba

Pwaa.

Kisha kimya. Kisha pwaa tena, sauti nzito ya majimaji, kama ya mtu anayetupa konzi za tope sakafuni. Ukungu ulikuwa umelalia kiwanja kizima, mtu haoni hata ncha ya kiatu chake, na Timazi akasimama njiani na mfuko wa vifaa begani, akatega sikio. Mwizi wa matofali, alijiambia. Akachomoa nyundo. Hakuwa na nia ya kumpiga mtu, ila mkono mtupu na asubuhi ya namna ile havipatani.

Alikuwa fundi mwashi wa kanisa, kijana bado, mrefu, shingo ngumu. Jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika hata na mchungaji aliyembatiza. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo fundi huining'iniza kando ya ukuta kujua kama umesimama wima, kwa kuwa naye alikuwa hivyo hivyo: hapindi, na hawezi kuona kilichopinda akanyamaza. Aliwahi kuinyoosha picha ya marehemu msibani, wafiwa wakimkodolea macho. Wenye midomo walisema timazi ina kasoro moja tu, hupima kila kitu isipokuwa msumari unaoishikilia.

Akasogea. Ukungu ukamwachia kidogo kidogo: kwanza lundo la mchanga, kisha pipa la maji, kisha ukuta wa nyuma wa shule. Chini ya ukuta palikuwa na mwanamke ameinama, anafagia.

Alimfahamu mara moja. Ni Mama Pacha, mfua nguo, mmoja wa wale walioishi bondeni chini ya reli katika vibanda vya turubai na mabati ya kuokota. Walikuwa wametoka nchi nyingine wakikimbia bunduki, na mji mzima bado uliwaita wageni, ingawa walikwisha kuzika hapo na kuzaa hapo.

"Mbona mapema hivi, dada?" Timazi akauliza.

Mama Pacha alizidi kufagia, haraka haraka, akikusanya mabonge laini ya kijivu na kuyasukumia ndani ya karai lake la kufulia. Juu ya kichwa chake, katika safu iliyo chini ya dirisha, bonge jingine lilijibandua taratibu kama gamba la kidonda, likaning'inia, likaanguka.

Pwaa.

Wakatazamana.

"Hujaona kitu, fundi," mwanamke akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku ule, mvua ya kwanza tangu ukuta usimame. Timazi akapiga magoti, akaweka kidole gumba juu ya tofali na kukandamiza. Kikazama kama kwenye sabuni iliyolala majini. Akajaribu la pili, gumu. La tatu, sabuni. La nne, sabuni.

"Mama Pacha, ukuta huu unamumunyuka."

"Nimekwambia hujaona kitu." Alinyanyuka, fagio mkononi kama rungu. "Leo mnapandisha paa. Jumatatu anakuja mkaguzi. Akishaandika tu, wewe ona utakavyo, hata malaika uwaone."

Hapo ndipo penye mwiba. Shule za mjini zilikuwa zikiwakataa watoto wa bondeni mwaka hata mwaka: huyu hana cheti cha kuzaliwa, yule mzazi wake hana kitambulisho, hawa wawili tutajuaje umri wao. Kanisa likaamua kujenga darasa lake lenyewe kwa kazi ya kujitolea, na ofisi ya elimu ikakubali kwa sharti moja. Jumatatu mkaguzi afike akute jengo lenye paa na mlango, ndipo darasa la kwanza lisajiliwe. Akikuta pungufu, mpaka mwaka ujao. Na mwaka ujao wale pacha wa kike wa mfua nguo wangekuwa wamevuka umri wa kuanza. Tayari walikuwa wakibeba mabeseni ya nguo za watu vichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, shingo zimekakamaa kama za watu wazima.

Naye Timazi alikuwa na Jumatatu yake. Mkandarasi wa mji mwingine alikuwa amemwita akawe kiongozi wa waashi kwenye jengo la ghorofa, kazi aliyoiota tangu siku aliyojifunza kushika mwiko. Nguo zake zilikwisha kukunjwa. Ukuta ungenyamaza kidogo tu, kila mtu angepata alichokitaka.

"Na ukianguka?" akauliza.

"Haujaanguka."

"Ukianguka, dada, utaanguka ndani. Juu yao."

Mama Pacha akalinyanyua karai na kujitwika. Sauti yake ilitoka ya chini, haina hata chembe ya kilio. "Vingapi vimetuangukia sisi, fundi, na hakuna aliyekuja kupima? Hiki kimoja tuache tukisubiri wenyewe. Angalau safari hii tutakuwa ndani, tuna daftari mkononi."

Akaingia ukunguni na karai lake la ukuta kichwani, akaenda kulimwaga shimoni.

Ukuta ule ulikuwa na hadithi yake, na kanisa halikuchoka kuisimulia. Msingi, nguzo za pembeni, ukuta wa mbele na kuta za kando vilijengwa kwa matofali ya kununua. Yalipokwisha, Mchungaji alisimama madhabahuni akasema ukuta wa nyuma utakuwa sadaka: kila nyumba ya muumini ifyatue tofali moja kwa mikono yake, iweke alama yake, ilete. Kila nyumba ikapewa kopo la saruji, na kalibu ya mbao ya kufyatulia ikazunguka mtaa kwa mtaa. Timazi mwenyewe alitangaza kipimo, akakirudia mpaka watoto wakakiimba. Akakadiria kwamba matofali yatafika kwenye dirisha, basi, mengine yatatafutwa mbele ya safari.

Matofali yakaja, yakazidi. Yakapita dirisha, yakapita linta, ule mhimili wa juu ya dirisha, yakafika juu kabisa. Mengine yalikuwa na msalaba, mengine herufi, mengine jani lililokandamizwa likaacha mishipa yake. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Muujiza wa saruji, wakasema. Timazi alijua kwamba saruji si sungura, haizaani mfukoni. Alifungua kinywa kuuliza, lakini shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa na sasa ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa, alimkata maneno mbele ya watu. Alimwambia, mwanangu, Mungu akitoa usimshikie rula.

Akakifunga kinywa. Laiti angeishia hapo. Sifa ni tamu, na aliyeusimamisha ukuta wa muujiza ni nani kama si yeye? Akatunga wimbo wa kazi, vijana wakaushika:

*Tofali moja nyumbani, ukuta wote shuleni,*
*Jasho lako tofalini, jina lako ni mbinguni.*

Na Jumapili moja, alipopewa nafasi ya kusema, alijipiga kifua mimbarini kwamba ukuta ule hata tembo aje ajikune, utamchubua yeye.

Sasa wimbo huo huo ulikuwa unapanda kutoka barabarani, unakaribia, na ukungu ulikuwa unapasuka. Wenye kujitolea walikuwa wamefika.

Walikuja kwa lori na kwa miguu. Kenchi zililetwa zimekwisha kuundwa, zile pembetatu kubwa za mbao zinazobeba bati, zikashushwa kwa kelele na utani. Mbele alitangulia mwenyekiti wa ujenzi, fundi cherehani mzee mwenye kanda ya kupimia shingoni hata siku za kazi ya tope. Watu walimwita Mzee Haleluya, kwa kuwa neno hilo lilikuwa nukta yake. Bila hilo sentensi yake haikuisha. Nyuma yake Mchungaji, suruali imekunjwa hadi magotini. Kisha Shangazi na akina mama wake, na sufuria za chai vichwani. Shangazi alimtazama Timazi, akangoja salamu. Haikuja. Akakunja uso, akapita.

Timazi akamvuta Mzee Haleluya nyuma ya jengo, akamwonyesha. Alimwonyesha kidole kinavyozama, akamweleza kwamba kenchi ni nzito, na kwamba tofali bovu likikaa kati ya mazuri halibebi mzigo, linawahadaa wenzake tu. Mzee aliinama, akagusa, akapangusa kidole kwenye suruali.

Kisha akaanza kushona maneno. Alisema, mwanangu, mimi nimevalisha mji huu miaka yote, na nitakwambia siri ya ufundi: kiraka kizuri hakionekani. Mvua ndiyo adui, sivyo? Basi paa likikaa, mvua haitagusa ukuta. Halafu tutapiga lipu nzito nje na ndani, rangi juu yake, nani atajua? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuzibe ufa, haleluya.

"Huu si ufa, mzee," Timazi akasema. "Ni ukuta wenyewe unaondoka."

"Unaondoka kwenda wapi? Tangu asubuhi uko hapa hapa." Mzee alijaribu kucheka, kicheko kikakatika. Akasogea karibu, akanong'ona. "Watu hawa walio huko mbele, kila mmoja ana tofali lake humu. Utawaambia nini? Sadaka zenu ni tope? Na wale wa bondeni, utawaambia warudi mwakani? Na wewe ndiye uliyemwita tembo aje ajikune, si mimi. Lipu, kijana. Lipu inafunika mengi."

Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilichoma. Paa lingezuia mvua. Lipu ingeushikilia kidogo. Labda ukuta ungesimama mwaka, labda mitano. Labda ni neno dogo, lakini fundi akishalitumia mara moja, mwiko wake hauandiki tena mstari ulionyooka. Timazi alilijua hilo. Alijua pia Jumatatu ilikuwa inamngoja, na kwamba mwanamke mmoja amesimama kando ya pipa, fagio mkononi, hamwondolei macho.

Akarudi mbele. Akasema kwa sauti iliyokauka, "Haya, tufunge kamba."

Kenchi ya kwanza ikapanda. Vijana walisimama juu ya jukwaa la miti, wengine chini wakivuta, na wimbo ukawa ndio pumzi yao: *tofali moja nyumbani*, vuta, *ukuta wote shuleni*, vuta. Ikakaa upande wa mbele, ikainamia nyuma, ikaulalia ukuta wa sadaka. Timazi alikuwa ameuwekea mkono ukuta ule kama mtu anayeshika paji la mgonjwa. Alihisi uzito unapoingia. Alihisi kitu kidogo ndani kikisaga, kama meno ya mtu anayeota vibaya. Ukuta ukasimama.

Watu wakapiga makofi. Mzee Haleluya akampa jicho: umeona?

Kenchi ya pili ikafungwa. Jua lilikuwa limekwisha kuukausha uso wa matofali, na kwa nje yalionekana mazima, ya kijivu, yenye misalaba na majani yake, mazuri kabisa. Hilo ndilo lililomtisha Timazi kuliko yote. Asubuhi ukuta ulisema ukweli, sasa umevaa. Alianza kujiona mpumbavu. Pengine aliona kivuli akadhani jini.

Pacha wa mfua nguo walikuwa wakizungusha maji ya kunywa, beseni moja kwa wawili. Walipochoka, walizunguka nyuma kutafuta kivuli, wakaketi chini, migongo imeegemea ukuta, wakaanza mchezo wao wa kupigana viganja. Walikuwa wanacheka. Kenchi ya pili ilikuwa hewani, inayumba, kamba zinalia.

"Ninyi! Tokeni hapo!"

Ni sauti ya Mama Pacha. Ilimtoka kabla hajaijua. Alikuwa amelitupa fagio na kukimbia, akawashika wanawe mikono, kila mmoja mkono wake, akawaburuta mbali na ukuta mpaka kwenye lundo la mchanga. Mmoja aliuliza wamefanya nini. Mama aligeuka, akakuta macho ya Timazi yanamngoja.

Wakatazamana kwa mara ya pili siku ile. Safari hii hakumwambia kwamba hajaona kitu.

"Shusheni," Timazi akasema.

Wimbo ulikuwa mkubwa kuliko sauti yake.

"Shusheni kenchi. Pole pole. Asishuke mtu kwa upande wa nyuma, wote mbele." Alikuwa amekwisha kushika kamba mwenyewe, visigino vimezama ardhini. Wimbo ukafa vipande vipande, wa nyuma wakiendelea kuimba bila kujua. Vijana wa juu waliuliza kuna nini, fundi. Kenchi ilikuwa imefika nusu ya njia, na nusu ya njia ndipo pabaya. Ilizunguka, ncha yake ikaukwaruza ukuta, na kutoka kwenye safu ya juu tofali moja likapukutika lote, kwa kimya, kama sukari. Waliokuwa chini walipata vumbi machoni. Mmoja aliteleza, kamba ikakimbia, viganja vya Timazi vikaungua. Akashika. Wakashika. Kenchi ikalala chini. Kisha, kwa woga zaidi, wakaishusha na ile ya kwanza.

Vijana wakashuka jukwaani, watu wakamzunguka Timazi.

Halafu wote wakasema pamoja. Kwamba kijana ana wivu na kazi yake mwenyewe. Kwamba anataka kwenda kwenye ghorofa lake na hana haja na shule ya maskini. Kwamba jana ukuta ulikuwa jiwe na leo umekuwa tope, je, ni ukuta uliobadilika au ni fundi? Mzee Haleluya alinyanyua mikono kuwatuliza, lakini hakusema alichokiona nyuma ya jengo. Mchungaji akamuuliza Timazi kwa upole kama ana hakika.

"Leteni maji," Timazi akasema. "Nimwagie tofali moja, mjionee."

Akanyanyua ndoo. Macho yake yakapita juu ya ukuta, yakitafuta tofali lisilo na mwenyewe, lisilo na alama. Hakuna. Kila moja lilikuwa na mtu wake amesimama pale, anatazama kama mzazi anayengoja jina la mwanawe lisomwe.

"Mwagia langu."

Shangazi alikuwa amejitokeza mbele, kanga imefungwa kiunoni kwa vita. Tofali lake lilikuwa karibu na kizingiti cha dirisha, mahali pa heshima. Timazi ndiye aliyemchagulia. Alama yake ilikuwa kiganja cha mkono, vidole vitano vilivyotanuka.

"Shangazi, acha. Nitachagua jingine."

"Kwa nini jingine? Mimi nimelibeba kichwani kutoka nyumbani mpaka hapa, nikakataa hata kusaidiwa. Mwagia, mwanangu. Kama langu ni bovu, basi na yao ni mabovu, na watu waache kukutukana. Kama ni zima, utashuka kwenye hicho kiburi chako, uombe msamaha, turudi kazini."

Aliyesema hivyo alikuwa na hakika. Hilo lilionekana katika kidevu chake. Timazi alilitazama lile tofali na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba kwamba awe amekosea.

Akamwaga.

Maji yaliteremka wazi, kisha ya kijivu. Kidole cha mwisho cha kile kiganja ndicho kilichotangulia kufutika. Kisha cha kati. Shangazi alisogea, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya ule wa tofali, kama mtu anayetaka kuuzuia usiondoke, akakandamiza. Mkono ukaingia. Alipoutoa, ulikuwa umejaa mchanga hadi kwenye kifundo.

Alikaa akiutazama. Wala hakulia. Alipozungumza, alizungumza na mkono.

"Jirani yangu hakupewa kopo," akasema. "Anaishi chumba cha nyuma kwa mwanawe, wakamhesabu pamoja na mwanawe. Alinijia akiwa amejiinamia, kwamba Jumapili watu wote watapita mbele na tofali na yeye atapita na nini? Nikamgawia nusu ya saruji yangu. Halafu nikaona, mbona wako wengi wa namna yake? Nikawaambia akina mama kwa siri: aliye na kopo amgawie asiye na kopo, pasiwe na mtu wa kwenda mikono mitupu. Wengine waligawa mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyetuambia tujisifu, hatukujisifu." Akapangusa mchanga kwenye kanga. "Mkate ukimegwa unatosha. Nilidhani na saruji ni hivyo hivyo."

Nyuma yake akina mama walikuwa wamejiinamia, mmoja mmoja, mpaka ikawa kama sala. Hapo Timazi akaelewa muujiza mzima ulivyokuwa. Ukuta ule haukuharibiwa na mwizi wala mvivu. Uliharibiwa na wema, wema uliotandazwa mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, hasira nzuri ya moto, na sasa hakuwa na mtu wa kumpa.

"Ulinifunza kugawa, shangazi, kabla hujanifunza kutembea," akasema. "Aliyeona hesabu haikai ni mimi. Nikaacha kuuliza, nikaenda kutunga wimbo."

Mchungaji akavua kofia. Mzee Haleluya akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba naye alionyeshwa asubuhi, akataka kupiga lipu. Alipofika mwisho wa sentensi, watu walingoja lile neno lake. Halikuja.

Kazi ikageuka. Timazi aliamuru ukuta wa nyuma ushushwe kabla haujajishusha wenyewe, na kwamba kenchi zitabebwa na nguzo nene za mbao zilizochimbiwa ardhini, ukuta mwingine ufuate chini yake baadaye. Mchungaji akatangaza kwamba kesho ibada itakuwa hapo hapo kiwanjani, na itakuwa fupi. Mtu akasema nyuma kwamba huo ndio muujiza wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu kenchi zishushwe watu wakacheka. Walipanga mstari, na kila mwenye alama akashusha tofali lake kwa mikono yake. Lililolia kama chungu likigongwa liliwekwa kulia. Lililojibu kwa ububu lilipelekwa barabarani, kwenye yale madimbwi ya njia ya bondeni, likapondwa humo. Shangazi alibeba lake mwenyewe, au kilichobaki, ndani ya kanga. Hakukubali kusaidiwa.

Rundo la kulia lilikuwa dogo.

Mama Pacha hakusogea. Alikuwa ameketi juu ya mchanga, pacha wake wamemlalia mapajani huku na huku, jengo amelipa mgongo. Timazi alipomfikia hakuinua kichwa.

"Nguzo zitakuwa zimesimama kesho, na bati," Timazi akasema. "Mlango utakuwepo. Nyuma patakuwa wazi. Sijui mkaguzi atasema nini."

"Mimi najua. Atasema mwakani. Wao husema mwakani kama wewe unavyosema habari za asubuhi."

"Ulikuwa umewaona wanao. Uliwatoa pale wewe mwenyewe."

"Niliwatoa." Alimgeukia sasa, na macho yake yalikuwa makavu, yanawaka. "Ndiyo maana sikutukani. Lakini usinitake nikushukuru. Mkono mmoja umenipa wanangu, mwingine umeninyima mwaka wao, na yote ni yako." Kisha akauliza jambo ambalo Timazi hakulitarajia. "Kwa nini hatukuombwa tofali?"

"Nani?"

"Sisi. Bondeni kuna nyumba. Za turubai, lakini ni nyumba. Kila nyumba tofali moja, mliimba mpaka tukajua wimbo wenu. Kwetu kalibu haikufika. Mlituambia tukae, tungoje, tutajengewa." Alichota mchanga, akauacha uvuje vidoleni. "Mume wangu alifyatua matofali maisha yake yote, kabla ya bunduki. Mimi nilimpimia saruji. Ningekaa pale kwenye saruji yenu, fundi, hata huyo shangazi yako asingechota kijiko."

Timazi alikwenda kwenye lundo la vifaa, akalitafuta lile kopo la kupimia saruji, akarudi nalo. Akamwekea mkononi.

"Basi pima wewe. Tutafyatua hapa hapa, bondeni na mjini pamoja. Pasipo neno lako, hakuna tofali litakalopanda."

Mama Pacha alilitazama kopo, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza. "Na wewe Jumatatu unapanda basi. Mji mzima unajua. Atakayejenga ni nani, Mzee Haleluya na sindano zake?"

Timazi aliliona mawazoni lile jengo la ghorofa, mstari wake wa matofali unavyopanda hadi mawinguni, na jina lake likitajwa na watu wasiomjua. Aliona pia nguo zake zilizokunjwa juu ya kitanda. Akasema taratibu, karibu kwa kunong'ona, kwamba atabaki.

"Sema kwa sauti," Mama Pacha akasema. "Ahadi za kunong'ona tunazo nyingi, tumekuja nazo kutoka mbali. Na usiniambie mimi. Waambie hawa."

Pacha walikuwa wamekaa wima, wanamtazama, nyuso mbili zenye macho mamoja. Nyuma yao watu walikuwa wamesimama na matofali mikononi. Shangazi alikuwa amesimama pia, mkono wake ungali na mchanga. Timazi akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya wale watoto, akainua sauti, ikavuka kiwanja.

"Jumatatu mkaguzi atanikuta mimi mlangoni, na nitamwambia kwamba ukuta nimeuvunja mwenyewe na kwa nini. Akikubali, mtaingia. Akikataa, nitakuwa mbele ya ofisi yake kila asubuhi mpaka anichoke, na jioni nitakuwa hapa. Sipandi basi. Sitashika mwiko wa mtu yeyote, wala ghorofa wala kibanda, mpaka siku ninyi wawili mtakapoingia darasa hili na kuufunga mlango kwa ndani."